Glasi ya Kizamani kutoka Louisville

Milwaukee, Wisconsin
4 Machi 1971

Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekuachia uende kanisani bila ile fimbo unayoificha nyuma ya mlango ukisikia mgeni anabisha hodi. Sisi hatujambo. Theluji bado imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na Delmar amechoka kuiondoa kwa koleo kila asubuhi kabla hajaenda kazini posta. Mama mkwe naye hajambo. Tangu baba mkwe alipofariki na yeye kuhamia kwetu, nyumba imekuwa na nidhamu kama bweni la shule.

Nina ombi, na najua utacheka. Nataka unifundishe kutengeneza ile Glasi ya Kizamani, kile kinywaji cha wiski ulichokuwa ukiwatengenezea wale mabwana wa klabu.

Mwalimu mkuu wetu anastaafu mwezi wa sita. Majina matatu yamepelekwa kwenye kamati, na moja ni langu. Mjumbe anayesikilizwa kuliko wote ni Bwana Reinholt. Yeye na mkewe wanakuja kula kwetu Jumamosi ya tarehe 17 Aprili. Hapa mgeni hajioni amekaribishwa mpaka ashikishwe glasi kabla ya chakula. Juzi nilikwenda kwa jirani kuangalia wanavyofanya. Wanaponda chungwa na cheri ndani ya glasi, wanatia brandi, kisha wanajazia soda tamu mpaka juu. Wanakiita kwa jina lile lile la kinywaji chako.

Niandikie kila kitu kwenye karatasi moja, na vipimo vyake. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta, na bado ulinijibu habari za mvua.

Najua ni ajabu kuniona mimi naomba jambo hili. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua madirisha ukirudi kazini, eti koti linanuka wiski.

Binti yako,
Rowena


Louisville, Kentucky
9 Machi 1971

Mwanangu Rowena,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama. Nilipofika kwenye brandi nikakaa. Nilipofika kwenye soda tamu nikamwita jirani yangu Hobart nikamsomea, naye akavua kofia kama mtu aliyepita mbele ya jeneza.

Kinywaji hicho ni cha kwetu. Watu wa New York wanabisha kwamba ni chao. Waache wabishe, wana shughuli chache.

Karatasi moja sikupi. Nimesimama nyuma ya kaunta ya Klabu ya Tarrant miaka arobaini na mmoja, na waliokuja kwangu wakitaka kila kitu kwa siku moja waliondoka hawajui hata kimoja. Nitakupa kidogo kidogo, kwa barua. Muda upo.

Nenda kanunue bourbon, wiski ya mahindi ya Kentucky. Kama karatasi ya chupa haisemi Kentucky, irudishe rafuni polepole bila kugombana na mtu. Iwe imelala kwenye pipa miaka minne au zaidi. Lakini usiifungue bado.

Wiki hii ni sukari tu. Tafuta glasi fupi, nzito, yenye kitako kinene. Weka kidonge kimoja cha sukari. Chukua kile kichupa cha matone machungu, kile ambacho karatasi yake ni ndefu kuliko chupa yenyewe, ukitikise mara tatu juu ya kidonge mpaka sukari iwe na rangi ya tofali. Tia maji kijiko kimoja cha chai. Kisha ponda taratibu, ukizungusha, mpaka sukari iishe. Sijasema ipungue. Ukisikia chembe chini ya kijiko, bado.

Humo ndani halipondwi chungwa wala cheri. Matunda yenyewe hayajakukosea kitu, kwa nini uyaponde?

Fanya hivyo siku tano, kisha niandikie.

Baba yako,
T. Bibb


Milwaukee
20 Machi 1971

Baba mpendwa,

Nilifanya siku tatu. Siku ya nne nilifungua chupa. Nakiri kabla hujaniuliza.

Sukari iliisha vizuri, nilijisifu mwenyewe. Nikamimina wiski kwa kukadiria, nikajaza vipande vya barafu kutoka kwenye kitrei cha friji, nikakoroga, nikampelekea Delmar aliyekuwa anasoma gazeti. Akanywa funda moja, akaangalia glasi, akaniangalia mimi.

"Ni nzuri," akasema.

"Sema ukweli."

"Ni nzuri kwa kusukutulia, baada ya kupiga mswaki."

Nikajaribu tena kesho yake. Mara hii ilikuwa kali hata machozi yakamtoka, na ilipofika nusu ikawa maji matupu. Mama mkwe alishuka ngazi, akasimama mlangoni, akanusa ile harufu kama ya dawa, akauliza kama naumwa kikohozi au ni nyumba nzima inayoumwa.

Baba, nakuambia kwa unyenyekevu: miaka yote hii nilidhani ni kumimina. Nilidhani mtu anachukua chupa, anamimina, basi. Jana nimesimama jikoni saa nzima na glasi nne mbele yangu, na hakuna hata moja iliyofanana na nyingine.

Nieleze nimekosea wapi. Zimebaki wiki nne.

Rowena


Louisville
26 Machi 1971

Mwanangu Rowena,

Hapo uliposema ulidhani ni kumimina, nimepasoma mara mbili. Watu wenye shahada kuliko zako wamekaa mbele yangu wakidhani hivyo hivyo, na hawakuwahi kukiri.

Kosa lako ni barafu. Vile vipande vya friji vinakufa upesi, na vinafia ndani ya wiski. Chemsha maji, yapoe, yachemshe tena, yamimine kwenye bati la kuokea mkate, uyagandishe mpaka asubuhi. Ukilipindua utapata bonge safi. Ligonge kingoni kwa ncha ya kisu mpaka upate jiwe moja linaloingia kwenye glasi bila kugombana nayo. Klabuni nilikuwa naletewa bonge la ratili hamsini, naanza kulikata saa tisa alasiri. Kulikuwa na jaji mmoja aliyekuwa anaweka glasi sikioni, aisikilize barafu yangu inavyolia, ndipo anywe. Jaji huyo hakuwahi kunisalimia kwa jina langu. Lakini barafu yangu aliisikiliza.

Wiski ni vijiko vinne vya chakula, usikadirie. Mimina juu ya ile sukari iliyoyeyuka, weka jiwe lako, kisha koroga, mgongo wa kijiko ukitembea kwenye ukuta wa glasi. Mizunguko thelathini. Usihesabu kwa sauti. Halafu chungwa: kata ganda tu, kipande cha urefu wa kidole gumba, bila ile nyama nyeupe. Likunje juu ya glasi mpaka mafuta yaruke. Ukisimama karibu na taa utayaona. Likishatoa mafuta, litumbukize.

Sasa nisikilize. Nimefikiri juu ya hiyo Jumamosi yako. Wewe utakuwa na nyama kwenye oveni na wageni sebuleni. Nani atashika glasi? Nitakuja. Kuna basi la Alhamisi linalofika kwenu Ijumaa asubuhi. Koti langu jeupe bado linanienea, nimelijaribu jana, ni kifungo cha chini tu kinacholalamika. Nitasimama pembeni, nitafanya kazi yangu, sitasema neno nisipoulizwa. Tangu nistaafu sijamtengenezea mtu kwa dhati.

Nangoja uniambie nije.

Baba yako,
T. Bibb


Milwaukee
1 Aprili 1971

Baba mpendwa,

Asante kwa barua, na asante zaidi kwa kujitolea. Lakini wakati umekaa vibaya. Chumba cha wageni kinapakwa rangi, na harufu yake haimfai mtu wa umri wako. Halafu kuna goti. Daktari alisema usikae kitako muda mrefu, na safari ya basi ni usiku kucha. Nisingejisamehe.

Wageni wenyewe ni wawili tu. Delmar atanisaidia. Njoo wakati wa joto, ziwa likiwa zuri, tukae kwa raha bila shughuli.

Barafu imekubali. Nimepata jiwe zuri mara mbili kati ya tano. Ganda la chungwa nalo nimeliweza: niliona mafuta yakiruka mbele ya taa, nikamwita Delmar aje aone.

Tafadhali usikasirike, Baba.

Rowena


Louisville
6 Aprili 1971

Mwanangu Rowena,

Nimeelewa. Rangi ni kitu cha kusubiriwa. Sikukasirika. Koti nimelirudisha kabatini.

Limebaki somo moja, nalo ni la kumkabidhi mtu glasi. Usitengenezee jikoni ukatoka nazo kwenye trei. Tengeneza mbele yao, waone mikono yako. Ukimaliza, shika glasi chini, karibu na kitako, umpe mtu huku unamtazama machoni. Usitazame sakafu. Nimefundisha vijana kumi na moja kazi hii, na jambo hilo ndilo lililokuwa gumu kwao kuliko barafu. Walikuwa wamefunzwa kutazama sakafu tangu utotoni. Mimi niliwaambia: hicho ulichoshika umekitengeneza wewe, na yeye hawezi kukitengeneza, basi inua uso.

Pasaka njema. Mwaka huu mimi ndiye ninayewaonyesha watu viti kanisani.

Baba yako,
T. Bibb


Milwaukee
Jumapili, 18 Aprili 1971

Baba,

Wenzangu wako kanisani. Nimebaki nyumbani kukuandikia, na hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana.

Walifika saa kumi na mbili kamili. Bwana Reinholt ni mtu mpana, mikono kama ya mwokaji mikate, masharubu ya manjano. Mkewe ni mwembamba, anazungumza taratibu. Nilikuwa nimepanga vitu vyote kwenye meza ya pembeni, mbele yao, kama ulivyoniambia.

"Bi. Gaddis," akasema Bwana Reinholt, "mbona sioni brandi?"

"Leo haipo."

"Na soda?"

"Haipo pia."

"Basi tunakunywa nini, maombi?"

Wakacheka, nami nikacheka. Nikaponda sukari mpaka chembe zikaisha. Nikakoroga. Katikati ya kukoroga nikagundua wote wanaangalia mikono yangu. Nikampa glasi huku namtazama machoni.

Alikunywa kidogo. Akanywa tena. Akainua glasi kwenye mwanga akaligeuza lile jiwe la barafu. "Nani amekufundisha?"

"Baba yangu."

Hapo mama mkwe, Mama Cornelia, akajiweka sawa kwenye kiti chake. "Baba yake Rowena ana hoteli kubwa Louisville," akasema. "Vyumba sitini na vinne."

Baba, namba hiyo sijui aliitoa wapi. Mimi sikuwahi kuitaja. Lakini hoteli, ndiyo, hoteli ilitoka kwangu.

Bwana Reinholt akatikisa kichwa. "Wenye hoteli ninaowajua mimi hawajui hata jiko lao liko upande gani. Mwenye hoteli gani anakata barafu namna hii?"

Jibu nilikuwa nalo. Ningesema ulijifunza kwa wafanyakazi wako. Uongo huo ulikuwa umeshafika mdomoni, umenikaa tayari kama ulivyonikaa miaka kumi na sita. Nikaangalia zile glasi mezani, nikashindwa kuusema.

Nikasema, "Baba yangu hana hoteli. Hajawahi kuwa nayo. Alitengeneza vinywaji kwenye klabu ya wazungu kwa miaka arobaini na mmoja, kwa koti jeupe, na walikuwa wanamwita Tad."

Sauti yangu haikuwa nzuri, ilipanda na kushuka. Bi. Reinholt akasema, "Kumbe mhudumu wa baa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayerudisha kitu rafuni baada ya kuona si alichokuwa anakitafuta. Na hilo ndilo lililonipandisha hasira.

"Ni fundi," nikamwambia. "Hakuna aliyemfikia kuanzia Louisville mpaka mwisho wa mto Ohio. Unachokunywa hapo nimefundishwa kwa barua, mwezi mzima na zaidi, na mimi ni mwanafunzi mbovu. Laiti mngeonja cha kwake."

Mama Cornelia akakunja kitambaa chake cha meza vizuri, pembe kwa pembe, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Delmar alitaka kumfuata, nikamzuia. Bwana Reinholt aliomba glasi ya pili, akasogeza kiti na kusema nitengeneze polepole ili aone. Tulikula. Nyama ilikuwa imekauka. Mlangoni alinishika mkono, akashukuru, na kuhusu shule hakusema neno.

Sasa nikwambie mengine. Mwaka 1955 Delmar alinipeleka kwao mara ya kwanza. Baba yake alikuwa daktari wa meno, vijiko vyao vilikuwa vya fedha, na Mama Cornelia akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema yuko kwenye mambo ya hoteli. Sikusema zaidi. Wao ndio waliokujengea ghorofa, na mimi nikaiacha ijengwe. Delmar nilimwambia ukweli baada ya ndoa. Mama yake sikumwambia.

Na chumba cha wageni hakikupakwa rangi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu Februari. Nilikukataza kuja kwa sababu ungesimama pale sebuleni na koti lako, na wangekujua.

Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Rowena


Milwaukee
19 Aprili 1971

Kwa Bwana Bibb,

Sina mazoea ya kuwaandikia watu walionidanganya, kwa hiyo utanisamehe nikikosea taratibu zake.

Mwaka 1963 ulikuja kumtembelea binti yako. Ulikaa kwenye sofa langu la buluu. Nikakuuliza, kwa adabu, hoteli yako ina vyumba vingapi. Ulifikiri kidogo, ukasema sitini na vinne, na ukaongeza kwamba vya upande wa mtoni ndivyo vinavyogombewa. Kisha, bila mimi kuuliza, ukanieleza juu ya mpishi wako Mfaransa ambaye hulia mchuzi ukiganda. Bwana Bibb, habari za mpishi huyo nimewasimulia akina mama wote wa kanisa langu kwa miaka minane. Wapo wanaomwombea.

Rowena alikuwa msichana mdogo aliyeogopa mkwe. Hilo naweza kulielewa, na najua nilikuwa mkwe wa kuogopwa. Wewe ulikuwa mtu mzima. Kwa nini ulifanya hivyo? Nataka jibu la maandishi.

Haihusiani na haya, lakini kwa kuwa napenda mambo yawe kamili: Jumamosi ile Delmar aliniletea glasi yangu chumbani. Niliimaliza.

Cornelia Gaddis


Louisville
24 Aprili 1971

Mwanangu Rowena,

Mama mkwe wako ameniandikia, nami nimemjibu kurasa mbili. Nimemwomba radhi hasa kwa ajili ya yule mpishi. Muulize akuonyeshe barua yake, mambo yote yamo.

Ndiyo, nilijua. Nimejua tangu 1963. Aliponiuliza kuhusu vyumba, wewe ulikuwa unaingia na trei ya kahawa. Swali lenyewe hukulisikia, ila ulituona tumekaa pamoja tunazungumza, na vikombe vikaanza kugongana kwenye trei. Mimi nimeishi kwa kusoma mikono ya watu. Nikajua kuna neno limetangulia kabla sijafika, na kwamba nikitamka kazi yangu pale, utaangusha zaidi ya vikombe. Nikasema sitini na vinne. Ni idadi ya viti vya ukumbi wetu wa chakula klabuni, ndiyo iliyonijia haraka. Mpishi alikuja mwenyewe. Nikianza jambo huwa sipendi kuliacha nusu.

Sitakuficha, iliniuma. Njia nzima ya kurudi, kutoka kwenu mpaka Indiana, nilijiuliza mama yako angesema nini. Nadhani Ardella angecheka kwanza, kwa ajili ya huyo Mfaransa. Kisha angekuandikia barua ambayo usingeweza kuisoma mbele ya watu.

Kazi yangu lakini sikuionea haya hata siku moja. Nataka hilo ulisome vizuri. Watu walikuja kwangu wana hasira za mahakamani na za majumbani, nikawarudisha wametulia. Nilijua nani wa kunyimwa glasi ya nne kabla hajaiomba, na jinsi ya kumnyima bila mwenzake kujua. Wao waliniita Tad. Wale vijana kumi na mmoja waliniita Bwana Bibb, na leo wengine wana kaunta zao Cincinnati, Lexington na Chicago, na mteja akiomba Glasi ya Kizamani anapewa ya kwangu, ajue asijue. Wewe ulisomeshwa na mikono hii. Nilikuwa nakata barafu huku nahesabu mihula yako, na sikujiona mdogo kwa mtu yeyote aliyeketi ukumbini mle.

Ulipofungua madirisha nikirudi, nilidhani unapenda hewa.

Jumamosi ile sikukutuma useme. Ulisema mwenyewe, na cheo kikiwa mikononi mwa mtu aliyekaa mbele yako. Kama watakunyima shule, watakunyima ukiwa binti ya Thaddeus Bibb mbele ya watu. Kwa upande wangu nimeshalipwa. Sijui wewe.

Kuhusu rangi: mtu gani anapaka chumba rangi huko kwenu wakati madirisha hayafunguki kwa theluji? Ukitaka kudanganya tena, niulize kwanza. Nina uzoefu.

Baba yako,
Thaddeus Bibb


Milwaukee
22 Mei 1971

Baba mpendwa,

Walipiga kura Jumanne. Wanne kwa watatu. Nimepewa shule.

Bwana Reinholt alinipigia simu mwenyewe. Hakueleza sababu, nami sikumuuliza. Alisema tu kwamba amegombana na mkewe wiki nzima juu ya brandi, na kwamba amenunua bati la kuokea mkate ambalo haruhusu mtu aliguse. Wale watatu waliokataa nitafanya kazi nao, na najua haitakuwa rahisi. Nimeanza kuinua uso mapema.

Gazeti la mtaani kwetu lilimtuma kijana kunihoji. Aliuliza nilizaliwa wapi, nilisoma wapi, mume wangu ni nani. Kisha akauliza kazi ya baba. Nilimtamkia polepole, neno moja moja, nikamwomba anisomee alivyoandika. Kipande chenyewe nimekiweka humu ndani. Sikupiga mstari chini ya chochote, utapaona mwenyewe.

Njoo Juni, kabla shule hazijafungwa. Jioni ile ya kunikabidhi ofisi nitafanya tafrija ndogo hapa nyumbani, na safari hii nataka ukae kwenye kiti cha mbele, umevaa suti yako ya kanisani, mimi ndiye niwe nimesimama. Delmar atakupokea kituoni. Mama Cornelia ameisoma barua yako mara nyingi, anaificha chini ya Biblia. Anauliza kama utakuja na mpishi.

Binti yako,
Rowena


Louisville
29 Mei 1971

Mwanangu Rowena,

Basi langu linafika kwenu Ijumaa tarehe 11, saa mbili asubuhi. Mwambie mama mkwe wako mpishi ameacha kazi, amerudi kwao, mambo ya mapenzi.

Kipande cha gazeti nilikipata Ijumaa. Nilikisoma mezani, nikakisoma uani, nikakisoma tena kabla ya kulala. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa kinyozi, ingawa nywele zangu zilikuwa na siku nne tu. Kulikuwa na watu sita mle ndani, na mmoja yuko kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikampa kinyozi karatasi. Nikasema kuna habari za binti yangu humu, ila nimekuja bila miwani.

Akaweka mkasi chini, akasoma. Alipofika pale pasemapo, "Bi. Gaddis ni binti wa Bwana Thaddeus Bibb wa Louisville, Kentucky, fundi wa vinywaji wa miaka arobaini na mmoja, na marehemu Ardella Bibb," akaniangalia. Akaanza upya tangu juu, kwa sauti ya kusomea kanisani. Watu wakaacha mazungumzo yao. Yule wa kwenye kiti, na shuka lake shingoni, akasema, "Hebu rudia pale pa fundi."

Akarudia. Nikamwomba arudie tena, kwa kuwa masikio yangu unayajua.

Miwani ilikuwa mfukoni muda wote.

Baba yako,
Thaddeus Bibb